Bunduki ya Upepo ya Shemeji Shabaha

Mdomo wangu hauna breki. Mama alikuwa akisema nilianza kuwajibu watu kabla sijajua kutembea. Nayatanguliza haya ili huko mbele mtu asije akanionea huruma.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, tulimwita Shabaha. Pale kinuni tulipofanya kazi hakuna aliyemwita kwa jina jingine, hata kwenye orodha ya zamu waliandika hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuua njiwa. Watu wa nje wakisikia hucheka, lakini kinu cha unga kisichokuwa na mtu wa namna ile hakimalizi mwaka. Njiwa wanapenya kwenye mwanya wa bati, wanajipanga juu ya mihimili, na uchafu wao unadondokea nafaka. Sumu huwezi kuitia juu ya chakula cha watu. Mitego inanasa njiwa wajinga, na wajinga huisha wiki ya kwanza. Anabaki mtu mwenye subira na bunduki ya upepo.

Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita, na muda wote huo alivuta vumbi la unga. Kifua chake kilikuwa kimekwisha. Leo hilo nalijua. Wakati ule waliolijua walikuwa watatu: yeye mwenyewe, dada, na daktari mmoja wa mbali ambaye alimwendea kwa siri. Daktari wa kinu alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka na mrija wa kupuliza, wa kupima pumzi. Usipofikisha alama, unarudishwa nyumbani siku ile ile, na sanduku lako la vifaa unaletewa baadaye. Shabaha aliomba likizo wiki ya mrija miaka miwili mfululizo. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi minne astaafu.

"Wakinitoa kwa sababu ya pumzi," alimwambia dada, "nitakaa kwenye kiti hicho nizihesabu mpaka ziishe. Acha nimalize nimesimama."

Hilo tu ndilo alilotaka.

Bunduki yake ya zamani ilikuwa ya springi, ile ya kukunja mtutu kila unapotaka kupiga. Kuikunja kunataka mkono na kifua, na ukifyatua inaruka begani. Akaanza kukosa, akatoboa bati mara mbili. Meneja alipomuuliza, alisingizia springi imechoka. Meneja hakuwa mtu mbaya. Akasema basi nenda mjini uchague nyingine, kinu kitalipa, na mimi, msimamizi wa upakiaji, nimsindikize.

Muuza duka alituwekea bunduki mezani akaeleza kama mwalimu. Zile mpya hazina springi. Zina kichupa chini ya mtutu kinachojazwa upepo mwingi mapema, ukifyatua unatoka kidogo kidogo, hivyo hairuki, haina kelele, na unapiga punje kumi za risasi bila kukunja kitu. Shabaha aliishika moja ndogo, yenye kitako cha mti, akalenga balbu ya dukani. Sikuwa nimemwona akitabasamu vile kwa muda mrefu.

"Na upepo unajazwaje?" akauliza.

"Njia mbili," muuza duka akasema. "Kuna tangi, kama hili. Unalileta hapa kila baada ya wiki kadhaa tunalijaza, wewe kazi yako ni kufungua koki tu. Au kuna pampu ya mkono. Hiyo ni jasho, bwana. Kuitoa geji mia mpaka mia mbili ni kama mapigo themanini, na kila pigo ni zito kuliko la nyuma yake."

Shabaha aliweka mkono juu ya tangi. Nakumbuka vizuri mkono ule, ulivyotulia pale.

Nami nikasema, "Shemeji, tangi si la wagonjwa hilo? Mwanamume anapampu. Au nyumbani nako dada anakusaidia?"

Muuza duka akacheka. Shabaha naye akacheka, akauondoa mkono. "Nifungie pampu," akamwambia muuza duka.

Njia nzima ya kurudi nilimtania, naye akanijibu, kwa sababu ndivyo tulivyoishi. Mimi nilimwita mzee, yeye aliniita chenji ya mahari, akisema alipomlipia dada alirudishiwa mimi. Tangu niko kijana tulikuwa hatusalimiani mpaka mmoja amtukane mwenzake kidogo.

Bunduki ilikuwa nzuri kweli. Ikijaa ilikuwa inatoa punje arobaini zenye nguvu sawa, halafu zinaanza kudondoka chini ya shabaha. Kila asubuhi Shabaha alikuja nayo imejaa. Pampu aliiacha nyumbani. Alisema kinuni vumbi litaiua. Hakupiga ovyo. Alikuwa anaweza kukaa chini ya mhimili nusu saa nzima akimngojea njiwa mmoja ageuke, kisha tuf, na njiwa chini. Mabinti wa kushona magunia walisema mzee amekuwa na subira ya ajabu. Kumbe alikuwa anabana upepo ili umfikishe jioni.

Na aliyekuwa akiujaza ni dada. Kila siku kabla ya kuwasha jiko alisimama uani, miguu juu ya vikanyagio vya pampu, akapiga arobaini, akapumzika, akapiga arobaini nyingine. Mume alikaa kwenye ngazi akimsomea geji. Dada ana miaka hamsini na tatu na goti bovu.

Mambo yakaenda hivyo miezi tisa.

Kisha upepo wa masika ukang'oa bati mbili upande wa mashine za kusaga, na siku hiyo hiyo walikuwa wanakuja wanunuzi wa kiwanda cha mikate kukagua. Njiwa waliingia kama waliopewa kadi za mwaliko. Shabaha alipiga tangu saa moja. Hakukuwa na nafasi ya kubana kitu. Kufika saa nne punje zikaanza kudondoka. Moja ikavunja taa juu ya kichwa cha fundi wa mashine.

"Vipi tena?" meneja akauliza.

"Upepo umepungua, bosi. Pampu iko nyumbani."

"Basi iletwe. Wageni wanafika saa sita."

Nilimtuma dereva. Nyumbani ni dakika kumi kwa gari. Aliporudi hakuja na pampu peke yake. Alikuja na dada, ameikumbatia pampu, mikono yake ina povu la kufulia. Alikataa kumpa dereva. Alipita katikati yetu moja kwa moja mpaka kwa mumewe.

"Nipe bunduki," alisema kwa sauti ya chini. "Nitapampu mimi."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Angejiuliza mwanamke huyu kaacha nguo kwenye beseni kwa nini. Mimi nikapiga makofi.

"Jamani, njooni muone! Kumbe Shabaha ana fundi wake wa upepo nyumbani! Ndiyo maana hakutaka tangi!"

Ghala zima lilicheka. Wapakiaji walitua magunia, mabinti walisimamisha cherehani, meneja naye alitabasamu. Dada aligeuka akanitazama. Alifungua mdomo, akamwona meneja, akaufunga. Kusema sababu mbele ya meneja kulikuwa ni kumfukuzisha mumewe kazi kwa mdomo wake mwenyewe.

Shabaha aliichukua pampu mikononi mwake taratibu. "Rudi ukamalize nguo, mama," akamwambia. Akaunganisha mpira kwenye kichupa, akakanyaga vikanyagio.

Na mimi ndiye niliyeanza kuhesabu. Moja! Mbili! Wenzangu wakapokea. Kwenye ishirini alikuwa bado anatabasamu. Thelathini, jasho. Arobaini alisimama kidogo kama alivyozoea kusimama dada, nami nikapaza sauti, "Bado, mzee! Geji haijasema kitu!" Akaendelea. Midomo yake ilianza kuwa na rangi ya majivu na bado tulikuwa tunahesabu. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi methali hiyo nilikuwa nikiwaambia wengine.

Sitini na saba, magoti yalikunjika. Hakuanguka kwa kishindo. Alikaa chini akiwa bado ameshika mpini, akitafuta hewa, katikati ya watu mia moja wenye hewa ya kutosha.

Hospitali walimpa mrija apulize. Siku ya pili barua ya kuachishwa kazi ikaja, na sanduku la vifaa vyake likaja baadaye kwa gari lile lile la dereva.

Aliishi miezi mitano kwenye kile kiti. Nilikwenda kila Jumapili. Nilikuwa nimejifunza adabu: nilimwamkia "shikamoo shemeji", nikamuuliza hali, nikamletea matunda, nikaongea polepole kama watu wanavyoongea na mgonjwa. Yeye alikuwa akiningoja. Alinitazama hivi, kama mtu anayengoja mwenzake aanze, na nilipomaliza kuuliza hali aligeukia dirisha. Nilidhani ana kinyongo. Nikazidisha adabu.

Siku ya msiba watu wa kinu walijaa. Mmoja wa mabinti wa magunia akasema ile ya mficha maradhi, kwamba kifo humuumbua, na wengine wakaitikia, ndiyo, laiti angesema mapema. Mimi nikatikisa kichwa pamoja nao. Nilikubali kabisa, mbele za watu, kwamba kosa lilikuwa la marehemu.

Dada aliniona. Aliniita jikoni, akafunga mlango. Nilikuwa tayari kwa matusi, na ningeyapokea yote.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi nilitaka kukwambia tangu mwanzo. Tangu kabla ya ile bunduki. Yeye ndiye aliyenikataza."

"Aliogopa nitamwambia meneja?"

"Meneja!" Alikaribia kucheka. "Alisema ukijua utaacha kumtania. Alisema siku utakayoanza kumwamkia kwa adabu, hapo ndipo atajua amekwisha."

Alinipa ndoo. Nje watu walikuwa bado wanaingia na maji yalikuwa yamebaki kidogo, kwa hiyo nikaenda kuchota.