Mshika Iso wa Ghorofa ya Nne

Kwa miaka thelathini na minane Stavri Gjika alijulikana bonde zima kuwa mwimbaji, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuimba neno. Kazi yake ilikuwa kushika iso. Katika kundi lao la wanne, Neim alianzisha mstari wa kwanza peke yake, Lefter akaudaka na kuupindua, kisha Stavri na nduguye Fane wakaingia chini yao na "eee" moja ndefu, isiyopanda wala kushuka, mpaka wimbo uishe. Ni kazi ya nguzo. Hakuna mgeni anayeisifu nguzo, ila ikitolewa ndipo watu huangalia dari.

Lugha ya Kialbania haikumtendea haki. Ukisema huko kwamba fulani anamshikia mwenzake iso, umemwita chawa, mtu wa hewala bwana. Lefter alilijua hilo vizuri siku ya mazishi ya Neim, watu walipokuwa wakijadili nani aseme machache kaburini.

"Muulizeni Stavri anaonaje," alisema, kikombe cha kahawa mkononi. "Lakini mwingine aseme kwanza, ili yeye apate wa kumshikia iso."

Watu walicheka, mazishini. Stavri aliweka kikombe chake chini, na kwa miaka kumi na mmoja hakusema na Lefter tena. Katika muda huo Fane alikufa, Olimbi mke wa Stavri akamfuata, na mwana wao akamtoa Stavri kijijini akampangia nyumba Tirana, ghorofa ya nne, ili awe karibu. Karibu na nini hakusema, maana mwezi uliofuata alihamia Ujerumani.

Kila siku saa tano asubuhi, baada ya kahawa, Stavri alisimama jikoni akashika iso. Juu yake hapakuwa na wimbo wowote.

Jumatatu moja mlango uligongwa. Alikuwa Suela, msichana wa nyumba ya pili, anayesomea filamu mwaka wa pili.

"Ami Stavri, samahani. Ile sauti ni yako? Mimi siku zote nilidhani ni friji."

"Friji yangu ya Kijerumani. Haisemi kitu."

Alimkaribisha kwa tini zilizopikwa kwa sukari, kijiko juu ya kisahani na glasi ya maji pembeni, kama inavyopasa. Mfuniko wa chupa ulikuwa umegoma. Tangu Olimbi afariki hapakuwa na mgeni wa kufunguliwa. Suela ndiye aliyeufungua.

"Tuko wanne," alieleza. "Tunatakiwa kutengeneza video ya wimbo, dakika tatu. Ijumaa kila mtu analeta wimbo wake, tunachagua mmoja. Wenzangu nawajua, wataleta zile za magari na miwani myeusi. Mimi nataka wa kwenu. Unaimba upi?"

Stavri alihisi masikio yakipata moto. Hajaulizwa hivyo maishani.

"Upo ule wa ufunguo," alisema. Akasimama, akaimba kwa sauti ya Neim: "Ewe mlima, nishikie ufunguo, mimi naelekea ugenini."

"Ee, mzuri! Halafu?"

"Halafu nini?"

"Ufunguo. Unakuwaje?"

Stavri alifungua mdomo, ikatoka "eee." Aliufunga. Wimbo huo ameusimamia katika harusi mia mbili, na hakujua ufunguo uliishia wapi. Mstari wa kwanza aliujua kwa sababu wakati ule bado alikuwa kimya. Kuanzia wa pili alisikia sauti yake mwenyewe, na ya Fane kidogo.

"Nitakumbuka," alisema. "Njoo Alhamisi."

Mtu mmoja tu aliye hai alikuwa na maneno hayo, naye alikuwa Thesaloniki akipaka rangi nyumba za Wagiriki. Jumanne Stavri aliifuta simu vumbi. Jumatano, baada ya kunyoa ndevu, alipiga.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi."

"Stavri."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka maneno ya wimbo wa ufunguo."

Lefter alicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote hiyo umesimama ubavuni pangu! Sikio lako hapa, mdomo wangu hapa! Ulikuwa unasikiliza nini, we kinyago?"

"Nilikuwa kazini. Kuna binti anautaka kwa video ya chuo. Wanachagua Ijumaa."

"Video?" Sauti ya Lefter ilibadilika. "Tutaonekana?"

"Tutasikika. Sura yako hawajaiulizia."

"Basi sikiliza. Maneno sikupi, utayavunja. Nitaimba mwenyewe kwenye simu. Wewe fanya yako."

Juu ya mazishi hakuna aliyesema kitu.

Alhamisi simu iliegemezwa kwenye chupa ya tini, Suela akawasha kinasa sauti chake. Jaribio la kwanza lilivunjika katikati.

"Unachelewa!" Lefter alipiga kelele.

"Ni simu inayochelewa."

"Hata kabla ya simu ulikuwa unachelewa!"

Ilibidi Suela aitie simu bubu upande wa huku. Lefter akaimba Thesaloniki bila kumsikia mtu, na Stavri akamshikia Tirana bila kusikika. Hata hivyo wimbo ulisimama. Ulipokwisha Suela alikuwa akipangusa macho, na Stavri alikuwa bado hajui ufunguo ulikuwaje. Aliona haya kuuliza.

Ijumaa alivaa koti. Alivua, akavaa tena. Suela alifika saa kumi jioni na hakukaa.

"Hawakuuchagua, Ami. Wamesema hauna mdundo. Wamechukua wa gari jekundu."

"Watatu kwa mmoja," alisema Stavri, tayari kumfariji.

"Wanne." Suela aliangalia viatu vyake. "Na mimi nilinyoosha mkono. Wote walikuwa wameshanyoosha, basi na mimi nikawashikia iso." Kisha akasikia alichokisema, akaziba mdomo.

Stavri alivuta kiti akakaa. Neno hilo lilikuwa limemfuata toka makaburini mpaka ghorofa ya nne, na hapakuwa na lifti.

"Ungewashikia, mwanangu, ningekusifu," alisema hatimaye. "Mshika iso akikaa chini ya wimbo haondoki. Wewe uliondoka. Haya, upige huo wa gari."

Aliinamisha kichwa juu ya simu ya msichana, akajaribu sauti moja, akajaribu nyingine, akafukuzana na gari lile dakika nzima. "Hapana," alisema. "Huu hauna pa kushika." Kisha, kana kwamba anauliza hali ya hewa: "Na ule wetu. Ufunguo ulikuwaje?"

"Alirudi. Mlima ukampa ufunguo wake. Mlango ndio haukuwepo."

"Basi?"

"Basi."

Simu ya Stavri ililia. Alibonyeza kipaza sauti.

"Wamechagua?" Lefter hakusalimia.

Stavri alimtazama Suela. "Wamechagua."

"Wakasemaje juu yangu?"

"Kwamba unaanza juu mno."

"Waongo! Juu mno! Ngoja niwaoneshe juu mno," na kutoka Thesaloniki Lefter akauchukua mstari wa Neim, mlima, ufunguo, ugenini. Stavri alisubiri uishe, kama alivyofundishwa. Akafumba macho, akaingia chini yake.

Katikati ya mstari wa tatu simu ilikatika. Suela aliona kioo kimezima. Stavri hakuona, wala hakusikia, kwa kuwa mshika iso hasikii ila nafsi yake, na kwake wimbo hauishi mpaka wa juu waumalize. Pumzi ilipokaribia kukatika aliiba nyingine upesi, akaendelea.

Suela alinyoosha mkono amguse bega, akaurudisha. Alivuta kiti, akachukua kijiko, akala tini moja polepole, akisubiri asijue anasubiri nini.