Mama Alininawisha Mikono Kama Mgeni

Admin, jina langu lifiche. Watu wa kwetu Tabaka, huku Kisii, wakinitambua, basi nimeyataka mwenyewe. Nina miaka thelathini na tisa na shule niliachia darasa la sita. Miaka kumi na miwili nimebeba mawe na saruji kwenye mijengo ya Mombasa, hadi mgongo ukakataa.

Mwaka jana nilirudi Kisii bila kumwambia mtu. Nilitaka kwanza kazi nyepesi, ndipo nifike nyumbani nikiwa na uso. Nikasikia kuna chuo kikuu kimefungua nyumba ya wanafunzi wa kigeni wanaojifunza Kiswahili. Humo, ukishapita geti ni Kiswahili tu, mezani, jikoni, hata ukijikwaa. Walitaka mtu wa usafi aliyezaliwa nacho, aishi humo na kuzungumza nao. Nikamwambia madam msimamizi kwamba mimi ni wa Likoni. Kazi ilikuwa ya kibarua, hakuna aliyekagua kitambulisho. Nikapewa chumba.

Wanafunzi wananiita Mjomba. Nikisema neno, wanaliandika. Maisha yangu yote sijawahi kuandikwa popote ila kwenye orodha ya vibarua, na utamu huo ndio ulionimaliza. Mama muuza maziwa pale getini hunisema kwa Kikisii mbele yangu, "Huyu wa pwani anatembea kama bata aliyeshiba," nami nauma mdomo nisicheke. Mama yangu yuko Tabaka, si mbali na hapa. Nikimpigia simu namwambia Mombasa kuna joto.

Mwezi jana madam alitupeleka Tabaka kuona vinyago vya mawe. Nilijifanya mgonjwa, akakataa. "Mjomba, bila wewe watazungumza na nani?" Nikajipa moyo kwamba tutaishia machimboni, kwa wanaume. Lakini tulipelekwa kwa akina mama wanaosugua vinyago kwa msasa ndani ya beseni za maji. Wa tatu alikuwa mama yangu. Sikujua hata kwamba ameanza kazi hiyo, na umri ule.

Aliinuka haraka, viboko wadogo wa mawe wakamporomoka mapajani. Akaniita kwa jina langu la utotoni na kuniuliza kwa Kikisii, "Mwanangu, umekuja lini?"

Mwanafunzi mmoja akasema, "Mjomba, mama huyu anakujua?"

Wote walikuwa wananitazama. Nikajibu, "Hapana. Nafikiri amenifananisha." Kisha nikamgeukia aliyenizaa. "Samahani mama, mimi sisikii Kikisii."

Alinitazama. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Pole, mgeni. Nilifikiri ni kijana yangu. Yeye iko Mombasa."

Tukaletewa ndizi. Mama akachukua birika na kutumwagia maji mikononi, mmoja mmoja. Kwetu mtoto ndiye humnawisha mzazi. Alipofika kwangu aliinama kidogo, kama anavyoinamia wageni. Vidole vyake vimepasuka, vyeupe kwa vumbi la mawe. Nikasema, "Asante." Akasema, "Karibu tena."

Jumapili nilimpigia simu nikiwa tayari kumlilia. Kabla sijafungua mdomo, akaniuliza kwa Kikisii, "Huko Mombasa bado kuna joto?"

Nikajibu, "Bado." Huyo ndiye mimi.

Sasa madam anataka kuniandika kazi ya kudumu, na wanafunzi wanataka niwarudishe kwa yule mama mkarimu. Nikisema ukweli nitafukuzwa, na mgongo huu hauwezi tena mijengo. Nikinyamaza, mama ataniinamia tena na birika lake. Ninyi ambao mama zenu wangali hai, nishaurini. Nikienda kwake peke yangu, nikabisha hodi, akiuliza ni nani, nimjibu nini?