Ukili wa Mahfoudha Hausemi Urongo

Saa mbili asubuhi, kinu cha kusaga unga cha mtaa wa Junda kinanguruma hadi mabati ya paa yanatetema. Dirishani ameketi Mahfoudha binti Barakat, mpokea nafaka, akisuka ukili, ule utepe wa majani ya miyaa unaoshonwa kuwa jamvi. Macho yako kwa mteja, vidole viko kwenye miyaa.

"Nikobolee kwanza, mama, kisha usage laini!" anapaza sauti Mwikali, mke wa kuli wa bandarini. Mahfoudha anaitikia kwa kichwa. Vidole havisimami.

Mwandishi wenu anaingia kwa mlango wa injini, penye kelele zaidi, na kumsalimu kutoka nyuma. Lo! Vidole vinasita, ukili unalegea. Mahfoudha anageuka akicheka.

"Umeona? Akili yote imehamia masikioni. Mkono haukubakishiwa kitu!"

Hivyo ndivyo anavyopima taabu ya kusikiliza watu kwenye makelele, na kipimo chenyewe kilitokana na ugomvi.

Mwaka jana wateja walikuwa wakisimama upande wa injini. Jioni Mahfoudha alirudi nyumbani hoi, hataki sauti ya mtu. Mamake, Bi Kuluthum, ambaye haoni, alikuwa amemngoja kutwa nzima wazungumze. Kila alilosema alijibiwa "mm".

"Nikasema, mwana huyu aninunia," asimulia Bi Kuluthum. "Nikafunga furushi langu niende Likoni kwa Hamdun, nduguye. Huko watu wana midomo!"

Akimngoja Hamdun aje kumchukua, alipapasa ukili uliosukwa siku hiyo. Mwanzo laini, katikati matuta matupu, mwisho laini tena.

"Hapa palikuwa na nini?" akauliza.

"Hapo watu walijaa, mama, na injini yanguruma. Mwisho ilizimwa."

Bi Kuluthum akalia. "Kumbe masikini umechoka kwa kusikiza!" Hamdun alipofika, alikuta furushi limeshafunguliwa. Akapewa chai, akarudi Likoni peke yake.

Kesho yake Mahfoudha alimpelekea Yeslam, mwenye kinu, ukili ule ule. Yeslam alicheka mpaka machozi, lakini alihamisha dirisha na kujenga ukuta mbele ya injini. Sasa ukili watoka laini kutwa, na nyumbani mazungumzo hayaishi.

"Siku hizi ni mimi nitakaye kulala!" alalamika Bi Kuluthum, uso umemkunjuka kwa furaha.

Mahfoudha anataka jamvi liwe tayari kabla ya Uhuru, Desemba hii, mamake alikalie wageni wakija. Kile kipande chenye matuta alikusudia kukitupa. Bi Kuluthum hataki hata kusikia.

"Kishone papo hapo nikaapo," asema. "Nikikipapasa nijue mwanangu hakuninunia."