Mtoto Alinyamaza, Aliyelia Kwenye Ndege ni Haji

Nilipanda ndege na mtoto wa miezi minne nikijua atalia mpaka tutue.

Mtoto hakulia.

Aliyelia ni mwanaume mzima aliyekaa kiti cha pembeni yangu, masharubu kama ufagio. Na hakulia kwa kujikausha. Machozi yalidondoka mpaka mhudumu wa ndege akaja mbio.

Mpaka leo nikikumbuka nacheka, halafu natafuta kitambaa.

Naitwa Nermin, mzaliwa wa Tanta, Misri. Mume wangu Wagdi ni fundi viyoyozi Kuwait. Mimba ilipokua nilirudi kwa mama yangu kujifungua, na sasa nilikuwa namrudia mume wangu na mtoto mkononi.

Wagdi alikuwa hajawahi kumshika mwanawe. Alikuwa anamwona kwenye simu tu, anambusu kioo kama chizi.

Tiketi nilikatiwa na wifi yangu Hanadi, mdogo wake Wagdi. Ana ofisi yake ya tiketi kule kwao Sohag.

"Wewe usihangaike na chochote," aliniambia. "Tiketi nakata mimi, kiti nachagua mimi. Utakuja kunishukuru."

Basi nikabaki na kazi ya kuogopa.

Mama yangu hajawahi kupanda ndege maishani, lakini ushauri alikuwa nao gunia zima. Mpe maji ya yansuni asijae gesi. Mvalishe shanga ya bluu wasimwangalie vibaya. Mfunike kichwa. Usimfunike sana.

"Sasa mama, nimfunike au nisimfunike?"

"Mfunike kidogo, wewe mtoto! Mbona mbishi?"

Ushauri uliosaidia kweli ulitoka kwa jirani yetu aliyelea watoto wake akienda na kurudi Ghuba. Aliniambia maneno machache tu.

"Ndege ikipaa, mpe ziwa. Ikishuka, mpe ziwa. Akimeza, masikio hayamuumi. Pampasi mbadilishe kabla ya kupanda. Na nguo za kubadilisha usibebe za mtoto peke yake. Beba na blauzi yako."

Blauzi yangu ya nini? Nikaidharau hiyo. Kumbe!

Siku ya safari uwanja wa ndege wa Cairo ulikuwa umefurika. Mtoto nimemfunga kifuani kwa mbeleko, begi begani, hati mdomoni. Kabisa, hati ya kusafiria nimeing'ata kama paka na samaki.

Nikafika kwenye kiti changu cha dirishani. Kiti cha pembeni kuna mzee wa kutoka kusini, kanzu yake ya galabia imenyooka, shali begani, na hayo masharubu niliyokwambia.

Akanitazama. Akamtazama mtoto. Akafumba macho kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Binti," akamwita mhudumu, "nitafutie kiti kingine."

"Ndege imejaa, Haji."

"Basi mtafutie huyu."

"Haji, nimekwambia imejaa."

Akanigeukia. "Huyo analia?"

"Ni mtoto, Haji. Unataka aimbe?"

Akaguna tu, akafunga mkanda. Nikasema moyoni, leo nimekwisha. Hanadi na kiti chako cha kushukuriwa, ngoja nifike!

Ndege ikaanza kukimbia. Nikajitanda mtandio vizuri, nikampa mtoto ziwa.

Hapo yule mzee akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Bila kunitazama alitoa shali lake, akalinyoosha kwa mikono yote miwili kama pazia, yeye uso kageuzia kule kwenye njia ya kupita. Kijana mmoja wa kiti cha ng'ambo alikuwa anachungulia dirisha.

"Wewe! Macho yako yana kazi gani huku?" mzee akamfokea.

Kijana akaangalia viatu vyake mpaka tulipomaliza kupaa.

Nikamsamehe nusu palepale.

Mtoto ananyonya, raha mustarehe. Mara nasikia mtu anagumia. Mzee kashika sikio, uso umekunjamana.

"Sikio langu linapasuka!"

"Meza mate, Haji."

"Nimeyameza yote."

"Piga miayo basi."

"Nipige miayo mbele za watu, mimi ng'ombe?"

Nikamtolea pipi ya mnanaa. Akasema yeye si mtoto. Nikaiweka juu ya mkono wa kiti, nikageukia dirishani. Nilipogeuka tena, pipi haipo na shavu la Haji limevimba.

"Imesaidia?"

"Kidogo." Kisha, kwa sauti ya chini: "Zipo nyingine?"

Tukawa marafiki hivyo. Akaniambia ni mara yake ya kwanza kupanda ndege, anakwenda kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake.

Tukiwa juu ya mawingu, mtoto wangu akaachia.

Jamani. Sijui maziwa yanageukaje kuwa vile. Pampasi ilizidiwa, ikapita kwenye nguo zake, ikaja kwenye blauzi yangu yote. Blauzi ya pili, kama unavyokumbuka, niliiacha Tanta kwa kiburi.

Nikakimbilia chooni, nikambadilisha mtoto kwenye kile kimeza kidogo. Nikarudi naye msafi, mimi nanuka.

"Haji, nishikie dakika moja nikajioshe."

"Mimi?" Akanyoosha mikono kama mtu anayepokea sahani ya moto. "Nisipomshika sawasawa je?"

"Shingo tu. Shika shingo."

Nilipotoka chooni, blauzi imelowa chapachapa, niliwakuta wanatazamana. Mtoto kamshika sharubu moja, anavuta. Mzee katulia, hathubutu hata kupumua.

"Ana mkono mzito huyu," akasema. Sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Anaitwa nani?"

"Khalaf."

Akaacha kumtazama mtoto, akanitazama mimi.

Nikajua anashangaa, kwa sababu kila mtu hushangaa. Nani siku hizi anamwita mtoto Khalaf? Muuguzi aliyemwandika alicheka akauliza kama kazaliwa na fimbo ya kutembelea.

"Jina la kizee, najua," nikamwambia. "Mimi nilitaka Yasin. Baba yake akakataa katakata. Ni jina la babu yake."

"Babu mzaa nani?"

"Mzaa baba. Na hapo ndipo utashangaa, Haji. Huyo babu hataki hata kutuona!"

Nikaketi na kuanza kumwaga. Unajua ukikaa na mtu ambaye hutamwona tena, mdomo unakuwa mwepesi.

Nikamwambia mkwe wangu alishamchumbia mume wangu binamu yake, bila hata kumuuliza. Mume wangu akanioa mimi, msichana wa Tanta. Mzee akaapa kwa Mungu hataingia nyumbani kwa mwanawe. Harusini hakuja. Tukipiga simu hapokei. Hata jina la mwanawe amekataza lisitajwe mbele yake.

"Mtoto alipozaliwa je?" akauliza Haji.

"Nasikia alipoambiwa amepata mjukuu aliinuka akatoka nje. Hakuuliza hata jina. Haji, yule mzee ana kichwa kigumu kama tofali la kuchoma!"

"Pengine ana sababu zake."

"Sababu gani? Kiburi! Halafu mume wangu, pamoja na yote hayo, anasema: jina la baba yangu litaitwa ndani ya nyumba yangu kila siku, hata kama mwenyewe hataki kuingia."

Hapo ndipo Haji alipolia.

Mwanzoni nilidhani kikohozi. Kisha nikaona mabega yanatikisika, machozi yanapita kwenye masharubu yanadondokea shanga ya bluu ya mwanangu.

"Sikio tena?" nikamuuliza. "Meza mate, Haji! Meza!"

Mhudumu akaja mbio. "Vipi, mtoto anasumbua?"

"Mtoto yuko sawa," nikasema. "Ni Haji."

Akamletea maji. Akanywa. Haji hakutaka kumtoa mtoto mikononi. Kila nikinyoosha mkono nimchukue, anasema, "Mwache, amelala. Mwache." Na kweli, kalala fofofo kwenye kifua cha mtu aliyetaka tuhamishwe kiti.

Rubani akatangaza tunaanza kushuka. Haji akanipa mtoto mwenyewe.

"Mpe ziwa sasa, masikio yasimuume." Akanyoosha shali lake tena, uso kule. Yule kijana wa ng'ambo alishafumba macho bila kuambiwa.

Tukawa tunashuka hivyo, mimi nyuma ya pazia, yeye kanipa kisogo. Kuwait inaonekana chini, majengo na jangwa na maji.

Mara akauliza, bila kugeuka:

"Wagdi bado anaogopa mabata?"

"Anaogopa sana!" nikacheka. "Juzi tu alinitumia picha ya bustani moja, akaniambia hapiti tena pale kwa sababu ya ba..."

Nikakata.

Sikuwa nimemtajia jina la mume wangu.

Baridi iliniingia mwili mzima, na haikuwa ya ile blauzi mbichi.

"Haji," nikasema polepole. "Wewe unaitwa nani?"

Hakugeuka.

"Kichwa cha tofali," akajibu.

Nilitamani mlango wa ndege ufunguke nishukie hapohapo. Nimemtukana mkwe wangu uso kwa uso! Tena nikimlisha pipi! Picha pekee ya baba yake aliyonayo Wagdi ni ya enzi za jeshi, kijana mwembamba hana hata unywele juu ya mdomo. Ningemjuaje?

"Baba, nisamehe, mimi sikujua..."

"Hujasema uongo wowote," akanikatiza. "Usiombe radhi. Nilipanga niende harusini, nile, nirudi Sohag, na mwanangu yuko mji huohuo nisimwone. Kichwa cha tofali ni jina zuri sana kwangu."

Magurudumu yakagusa chini. Nikawasha simu. Ujumbe wa Hanadi ulikuwa unanisubiri.

"Viti nilichagua mimi, vya nyinyi wawili. Baba akifoka sema sijui lolote. Usiniue, wifi."

Tukatoka pamoja. Haji kabeba mtoto, mimi nasukuma mizigo. Kadiri tulivyokaribia mlango wa kutokea ndivyo alivyopunguza mwendo. Mwisho akasimama kabisa.

"Akikataa kunisalimia?"

"Hawezi, Baba."

"Mimi nilikataa."

 Nikamshika kiwiko, tukatoka.

Wagdi alikuwa amesimama na maua na puto, anatafuta kwa macho. Akaniona mimi, akatabasamu. Kisha akaona nani kabeba mtoto.

Puto likamtoka mkononi likapanda mpaka kwenye dari.

 Wagdi alitembea taratibu, akainama, akambusu baba yake kichwani, akabaki hapo hapo. Mtoto kabanwa katikati ya vifua viwili. Na hapo sasa, baada ya safari nzima ya ukimya, ndipo Khalaf mdogo alipopiga yowe lake la kwanza. Uwanja mzima ukageuka.

"Mnyanyueni, mnambana!" nikafoka. Tukacheka huku tunalia.

Tukafika kwenye jengo letu. Mlangoni mzee akagoma.

"Niliapa kwa Mungu sitaingia."

"Kiapo kina kafara yake, Baba," nikamwambia. "Lisha maskini kumi, ingia."

Akanitazama, kisha akamwambia mwanawe, "Huyu wa Tanta umempata wapi?" Akaketi kwenye ngazi, akagoma kuinuka mpaka Wagdi aende akanunue vyakula. Waliolishwa ni wafagiaji wa mtaani kwetu na walinzi wa majengo ya jirani. Mzee aliwagawia mmoja mmoja kwa mkono wake, wali na kuku, galabia ikadondokewa mchuzi. Wa mwisho alipomaliza kula, Haji akanawa mikono, akavua viatu, akatanguliza mguu wa kulia.

Alikuja kwa harusi ya siku chache. Alikaa mwezi.

Kwa hiyo wewe mama unayesafiri na kichanga, sikia kutoka kwangu niliyepitia. Mnyonyeshe ndege ikipaa na ikishuka. Mbadilishe pampasi kabla ya kupanda. Blauzi ya pili usiiache, nakuomba. Jirani wa kiti akikununia usimnunie. Naye huenda anaogopa kuliko mtoto wako, na kuna mtu anayemhitaji huko mnakokwenda.

Na kabla hujaanza kumsema mkwe wako kwa mzee usiyemjua, muulize kwanza anaitwa nani.