Majina Yaliyobaki Ndani ya Mashine ya Winfrida

Winfrida alizaliwa Mwamgongo, kijiji cha ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye nyumba ya mvuvi aliyeitwa Dismasi, na katika nyumba ile hapakuwa na watu wawili wenye jina moja. Hivyo ndivyo Waha walivyokuwa, na Warundi ndugu zao vivyo hivyo. Mtoto hakupewa jina la baba. Alipewa jina lake mwenyewe, kutokana na njaa au msiba au ugomvi wa majirani uliokuwepo siku alipozaliwa. Ukitaka kujua mtoto ni wa nani, uliuliza.

Shule ikaja ikaharibu. Mwalimu alimuuliza, "Winfrida nani?" akajibu ni Winfrida tu, akachapwa viboko viwili, kisha akaandikwa Winfrida Dismasi. Alilia siku hiyo tu. Alipomaliza chuo cha kompyuta Dar es Salaam alikuwa ameshaamini kwamba watu wote duniani hutembea na majina ya baba zao mgongoni. Alirudi akafungua chumba cha kutengeneza kompyuta pale Mwanga, mjini Kigoma, ukuta mmoja na kibanda changu cha kutengeneza redio. Haya ninayoyaandika alinieleza mwenyewe, mengine niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka 2015 Warundi walikimbia ghasia za kwao wakajaa kijiji cha mpakani cha Kagunga hadi mchanga wa ufuo haukuonekana. Walikuja Kigoma kwa meli, wengi wakiharisha, na shirika moja likawapokea kwenye uwanja uliozungushiwa wavu, wasubiri mabasi ya kwenda kambini. Shirika lilimtafuta mtu wa mashine. Winfrida akaenda.

Alitengeneza programu mbili ndani ya kompyuta moja ya mezani iliyokula umeme wa jenereta. Programu ya kwanza ilikuwa mlangoni: iliandika jina la mtu na namba ya utepe aliofungwa mkononi, ikavifanya ujumbe mmoja, ikaukabidhi kwa mfumo endeshi wa kompyuta, ile programu kuu inayozisimamia nyingine, kisha ikamgeukia mtu aliyefuata bila kungoja jibu. Mfumo endeshi uliupanga ujumbe kwenye foleni ndani ya kumbukumbu yake. Programu ya pili ilikuwa upande wa mabasi. Hiyo ilikuja kwa wakati wake, ikaomba ujumbe, ikapewa, na jina likatoka kwenye kioo cha mtu aliyesoma majina kwa kipaza sauti. Programu hizo mbili hazikujuana wala hazikungojeana. Hata moja ikifa, ujumbe uliokwishakabidhiwa ulibaki salama kwenye foleni. Kitu kimoja tu kingeuua: umeme kukatika, kwa sababu foleni ile haikuwa kwenye diski. Winfrida aliandika kwenye diski wale tu waliokwishapanda basi.

Mpaka hapo kazi ilikuwa safi. Kosa lilikuwa kwenye namba. Kila ujumbe kwenye foleni ya namna ile hubeba namba ya kuonyesha aina yake, na anayepokea anaweza kusema: nipe wa aina hii tu, mwingine uache. Winfrida alitaka familia zipande basi moja, kwa hiyo namba ya aina aliitoa kwenye jina la pili la mtu. Programu ya pili ilichukua ujumbe uliotangulia, kisha ikazoa wote wenye namba kama ile na kuwaita familia moja.

Fikiria hilo kwa Warundi.

Asubuhi ya siku ya tatu waliitwa watu watano walioitwa Ndayishimiye, jina la watu wengi huko kwao, hawajawahi kuonana maishani, wakasukumwa kwenye mlango wa basi moja.

"Huyu si mume wangu!" mwanamke mmoja alipiga kelele.

"Mashine imeshakuoza, mama," mgambo akamjibu, na wenzake wakacheka. "Panda, fungate iko kambini."

Kicheko hicho hakikudumu. Kipaza sauti kikamwita Melania Nduwimana, mjane kijana ambaye mumewe aliuawa kwa panga mbele ya mlango wake. Mkononi alikuwa na mtoto wa miaka minne, Anatoli Irakoze. Waliandikwa mmoja baada ya mwenzake, lakini jina la mama lilitoka na la mtoto halikutoka. Kwa mashine hawakuwa ndugu. Anatoli alikuwa bado kwenye foleni, chini ya namba yake mwenyewe, na ujumbe ule ndio uliokuwa na namba ya utepe wake na jina lake. Mabasi ya siku ile yalikwenda kambi mbili tofauti.

"Utepe wa mtoto haujaitwa," mgambo alisema. "Wewe panda. Yeye atakuja na basi lake."

"Umwana wanje!" Mwanangu! Melania alimkumbatia mtoto. Mgambo wawili wakamvuta mtoto mguu, wakamvuta mama nywele. Melania akamng'ata mgambo mkono mpaka meno yakagusa mfupa. Rungu likamshukia begani, la pili kichwani, akaburutwa ngazi za basi huku damu ikimwingia machoni, na mlango ukafungwa kwa komeo. Mtoto alibaki chini akipiga bati la basi kwa viganja, na Winfrida aliyaona hayo kutoka kwenye hema lake la kompyuta.

Ndipo ilipotoka sauti nyuma ya wavu: "Barajana abana bacu!" Wanachukua watoto wetu. Uwanja mzima ukainuka. Jiwe la kwanza lilimtoa mgambo mmoja jicho. Nilikuwa barabarani, nilimwona akilishika kwenye kiganja kama aliyeokota kitu. Mgambo wakaingia na marungu, wakapiga wazee, wakapiga wajawazito. Wanaume wa uwanjani waling'oa nguzo za wavu wakawarudishia. Kijana mmoja alivunjwa mkono mbele yangu na bado akaendelea kurusha mawe kwa mkono uliobaki. Zamani meli ya wageni ikitia nanga Ujiji walipokelewa kwa uji. Siku hiyo hata watu wa sokoni walikuja na fimbo zao kusaidia kupiga, wakiwapiga watu ambao babu zao walikunywa nao pombe ya ndizi.

Umati ulielekea kwenye hema la kompyuta, maana walijua majina yalitoka huko. Swaibu, mkubwa wa mgambo, mtu wa Ujiji, aliingia mbio.

"Dada, zima hiyo mashine! Nazima jenereta, watulie!"

"Ukizima, watoto walioko ndani wanapotea."

"Watoto gani ndani? Watoto wako nje wanakanyagwa!"

"Majina yao, kaka Swaibu! Anatoli ana miaka minne, anajua kuita mama tu. Jina lake na namba ya utepe wake haviko pengine popote."

Jiwe lilipasua turubai likamgonga Winfrida mdomoni. Alitema meno mawili juu ya meza. Hapo, aliniambia, ndipo alipoelewa alichokifanya, kwa sababu alisikia akilini jina la mdogo wake aliyekufa maji, na jina lile halikufanana na la mtu yeyote nyumbani kwao. Akaiua programu ya pili. Foleni ikabaki ilivyokuwa. Akaandika amri mpya fupi, na mahali pa namba ya aina akaweka sifuri. Sifuri maana yake: usichague, nipe aliyetangulia kuingia, kisha anayemfuata.

Msomaji wa kipaza sauti alikuwa ameshakimbia. Winfrida akakishika mwenyewe, damu ikimtoka kidevuni.

"Anatoli Irakoze, utepe mia nne na kumi. Utepe uliomtangulia, diski inasema, ni wa Melania Nduwimana. Mama yake yuko kwenye basi la pili. Mpeni mtoto wake!"

Alirudia. Mwanaume wa Kirundi mwenye nguzo mkononi aliitupa chini, akamnyanyua mtoto, akasoma utepe, akaenda naye kwenye basi akimsukuma mgambo kwa kifua. Komeo halikufunguliwa. Melania alivunja kioo cha dirisha kwa viwiko vyake, akatoa mikono yote miwili iliyochanika, akamvuta mtoto ndani juu ya vipande vya kioo. Basi likaondoka hivyo hivyo, bila kioo.

Winfrida aliendelea. Aliita jina, akaita jina, wakitoka kwa mpangilio waliosimama nao mlangoni, mama kisha watoto wake, mzee kisha mjukuu. Waliosikia majina yao waliacha mawe wakaanza kutafutana. Lakini nyuma kabisa hawakusikia, wakaendelea kusukuma, na mgambo wakaendelea kupiga. Mgambo mmoja akatupwa chini akakanyagwa mpaka akanyamaza. Swaibu alipoona mtu wake hainuki hakuuliza tena. Alikwenda akaizima jenereta.

Kipaza sauti na kioo vilizimika katikati ya jina la msichana. Winfrida alikumbuka nusu yake tu.

Waliobaki uwanjani waliandikwa upya kesho yake, kila mtu akiulizwa amekuja na nani. Wazazi waliokuwa wameshapelekwa hawakuwepo kujibu. Watoto wao waliandikwa majina waliyoyataja wenyewe, na wengine hawakutaja kitu.

Mwezi uliofuata baba mmoja alitoka kambini akafika Mwanga kumtafuta binti yake, yule msichana ambaye jina lake lilikatika. Winfrida alimwambia nusu ya jina aliyoikumbuka. Yule baba akamaliza nusu iliyobaki, kisha akampiga Winfrida kofi lililomwangusha juu ya meza ya kazi. Nilitoka na nondo. Winfrida akaniinulia mkono nisisogee. Akainuka, akafunga duka, na wote wawili wakaenda stendi kutafuta gari la kwenda kambi ile nyingine, wakamtafute msichana huko.