Kengele ya Mapema na Nyumba za Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyeshewa mbele ya darasa. Si nje, jamani, ndani! Ilikuwa shule ya msingi huko Nabuyoga, mashariki mwa Uganda, mimi mwalimu mpya nimetoka chuoni na viatu vya kisigino, na nilikuwa nimeandika tarehe tu ubaoni mvua ilipopiga mabati. Nyinyi walimu wa leo mnaofundisha chini ya dari hamjui ninachosema. Mvua ikipiga bati tupu hakuna somo, maana hata sauti yako mwenyewe huisikii. Nikaendelea kupaza sauti, watoto wakaendelea kucheka, na tundu moja la paa likanichagua mimi.

Mwalimu Mkuu wetu, mzee wa Kijapadhola asiyependa maneno mengi, aliingia akachukua chaki mkononi mwangu, akaandika ubaoni: andikeni majina ya ndugu zenu wote. Darasa zima likainama. Hilo aliliita somo la kimya, na kila mwalimu alitakiwa awe nalo tayari msimu wa mvua. Kisha akanipeleka dirishani akanionyesha kinga-radi, ile fimbo ya shaba juu ya paa yenye waya unaoshuka ukutani mpaka ardhini, ili radi ikipiga ifuate waya na kuwaacha watoto. Kila asubuhi mwalimu wa zamu aliukagua waya ule kabla ya gwaride, kwa sababu wezi wa vyuma chakavu waliipenda shaba kuliko pombe. Sheria ya mzee ilikuwa moja tu: mvua ikija, mtoto hatoki. Niliipenda sana sheria hiyo, nikadhani nimemaliza kujifunza.

Wapi! Nikahamishiwa Mukuju kuwa naibu, na huko Mwalimu Mkuu alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyeamini kinyume kabisa. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa kuutazama mwamba wa Tororo. Wingu likifunika kichwa cha mwamba, anaamuru kengele ipigwe, hata kama watoto wako katikati ya mtihani. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa, unaigonga kwa chuma na kijiji kizima kinasikia. Watoto walitimka na madaftari chini ya mashati, na kabla tone la kwanza halijaanguka kila mmoja alikuwa jikoni kwao. Na wakifika, mama wanamkuta, maana mama naye alikuwa shambani akiliona wingu lilelile, akarudi na jembe lake. Ilikuwa raha kuangalia! Miaka yote niliyokaa pale hakuna mtoto aliyenyeshewa kwa kufunga shule mapema.

Kwa hiyo nilipopewa shule yangu mwenyewe huku Busia, nilikuja na sheria mbili zinazogombana kichwani, na zote mbili nilikuwa nimeziona zikifanya kazi. Nikasema moyoni, hapa ndipo nitajua nani alikuwa mkweli. Kumbe Busia haikumjua hata mmoja wao.

Busia watu hawalimi mchana, wanavuka mpaka. Baba yuko kwenye bodaboda au anashughulikia mizigo kwenye forodha, mama yuko upande wa Kenya na vitunguu vyake, na nyumba ina kufuli tangu alfajiri. Ufunguo anao mama kiunoni. Tena wakati huo utabiri wa hali ya hewa ulikuwa umeanza kuja kwenye simu. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwetu dalili ya mvua ikawa simu ya Bwana Elimu kulia. Bwana Elimu ndivyo tulivyomwita afisa elimu wa wilaya, mwanamume mrefu, msafi, aliyependa amri fupi. Amri yake ilisema utabiri wa dhoruba ukitoka, shule zote zifunge saa sita na watoto waende nyumbani.

Mara ya kwanza tulitii. Naibu wangu, Mwalimu Okiria, kijana wa Kiteso mbishi kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, alirudi kutoka getini akaniambia watoto hawaendi nyumbani. Nikatoka kujionea. Sare zetu za bluu zilikuwa zinamiminika kuelekea mpakani, katikati ya matrela yaliyopanga foleni, kila mtoto anakwenda kumtafuta mama yake sokoni. Na mtoto ana akili zake, angekaa mbele ya kufuli kufanya nini? Mvua iliwakuta palepale barabarani. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema, lakini niliona trela likirudi nyuma na watoto wadogo wamejibanza kwenye matairi yake kukwepa mvua. Nilipiga yowe mpaka utingo akaruka chini. Siku hiyo nilikasirika, nawaambia, nilikasirika kweli.

Ofisini tukabishana wiki nzima. Okiria alishikilia kwamba watoto wabaki darasani mpaka dhoruba ipite, akawa anaongea kama yule mzee wangu wa Nabuyoga. Nikamuuliza kama amelitazama paa la darasa la pili, na kama amesahau kwamba waya wetu wa kinga-radi ulikuwa umeibiwa tena. Halafu kuna kijito kati ya shule na mitaa ya chini. Kikijaa jioni, mtoto aliyebaki shuleni analala shuleni. Okiria akasema basi Mwalimu, tuwapeleke wapi? Nikamwambia tuwaulize wazazi.

Jibu lilitoka kwa mzaha kwenye mkutano wa wazazi. Mama Nafula, aliyekuwa akikaanga samaki nyumbani kwake karibu na shule, alisema kwa kucheka kwamba mvua ikija tumtupie yeye hao watoto, ila samaki wake wasiguse. Watu wakaangua kicheko. Fundi cherehani mmoja naye akasema hata kwake wapo wanaoenea. Mwingine akadakia kwamba ana mtoto mchanga, haendi popote mchana. Hapo nikasimama, nikawaambia wasicheke, waseme tena polepole.

Ndivyo zilivyozaliwa nyumba za mvua. Kila mtoto ambaye kwao kuna kufuli alipewa mlango mmoja upande huu wa kijito, kwa mtu anayeshinda nyumbani. Ijumaa kwenye gwaride nilikuwa namnyooshea kidole yeyote na kumuuliza, mlango wako? Anajibu papo hapo kama anavyojibu jina lake. Utabiri ukija jioni, wenye nyumba wanapelekewa habari jioni hiyohiyo, na kesho yake kengele inapigwa saa tano, wakati upepo bado umelala.

Bwana Elimu alipopata habari alikuja mwenyewe, akakaa ofisini kwangu bila kugusa chai.

"Mwalimu, hawa ni watoto wa shule ya serikali," alisema. "Wewe unawagawa kwa wakaanga samaki. Akipotea mmoja nani atajibu?"

Nikamwambia nitajibu mimi. Akasema haya, jaribu mara moja. Lakini akaongeza kwamba akikosekana mtoto mmoja tu, ukuu wa shule nauacha siku hiyo, na miaka niliyobakiza kabla ya kustaafu nitaimalizia darasani chini ya mtu mwingine. Alipoondoka niliinywa ile chai yake.

Dhoruba ikaja msimu huohuo. Simu ililia jioni, habari zikapelekwa, na asubuhi kulipokucha, weee, mbingu nyeupe pee! Watu wa bodaboda getini walinicheka wakiniuliza kama nafunga shule kwa sababu ya jua. Nikapiga rimu saa tano kamili, tena nikaipiga mwenyewe. Watoto wakatoka kwa mistari, kila mstari na mwalimu wake, wanaimba. Nilifurahi kama siku ya harusi yangu.

Furaha haikumaliza saa. Okiria alirudi anahema. Mlango wa Mama Nafula ulikuwa na kufuli! Aliliona jua, akaona utabiri ni uongo, akakimbilia sokoni kununua mafuta ya kukaangia. Watoto wengine wa mlango ule walikuwa wamerudi na Okiria, lakini Sifa, aliyekuwa ameutangulia mstari mbio, hayupo. Sifa alikuwa msichana mdogo wa darasa la pili, mama yake muuza vitunguu upande wa Kenya, na njia ya mkato ya kumfuata mama yake ilipita kwenye kijito. Wakati Okiria anamaliza kusema, upepo ukaubamiza mlango wa ofisi.

Nilivaa gambuti za mlinzi. Okiria akashika njia ya sokoni, mimi nikashika ya kijitoni. Mvua ilianguka yote kwa pamoja, na mawe ndani yake, na kijito nilikikuta chekundu kimeshameza mawe ya kuvukia. Niliita Sifa, Sifa, lakini pande zote ni mabati, sauti yangu haikufika hata kwenye masikio yangu. Niliogopa. Sikuwa nafikiria ukuu wa shule tena, nilikuwa namwona mama yake tu. Nikasimama pale kwenye ukingo bila kujua nipande na kijito au nishuke nacho.

Mkono ukanishika kwa nyuma. Alikuwa bibi mmoja mzee wa Kisamia, mjane aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwa Mama Nafula, ambaye hata hatukuwahi kumwomba chochote. Akanivuta mpaka ndani kwake, akafunga mlango. Ndani kulikuwa na watoto wa majirani wamezunguka ungo wa karanga, wanabangua. Katikati yao Sifa, mkavu kabisa, mdomo umejaa. Na kando ya Sifa, kwenye kigoda, suruali imelowa mpaka magotini, anabangua karanga polepole kama mtu aliyepewa adhabu, Bwana Elimu.

Gari lake lilikuwa limezimika karibu na kijito alipokuja kukagua kama nimefunga. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Nilimshukuru bibi, nikamuuliza nani alimwambia kwamba Sifa ni wa nyumba za mvua. Akanishangaa.

"Mwana amesimama mbele ya kufuli, wingu liko juu yake," alisema. "Ningoje kuambiwa na nani?"

Bwana Elimu akaweka karanga zake chini. Nilijiandaa, maana mtoto alikuwa amekosekana kweli, na yeye ndiye aliyekuwa shahidi.

"Mwalimu, na mimi nilianza kugonga kwa mkaanga samaki," alisema. "Nikakuta kufuli. Wape watoto milango miwili miwili."

Akazirudia karanga zake, na ukuu wa shule ukabaki kwangu. Mvua ilipokatika mama yake Sifa alitokea upande wa barabara ya mpakani, nguo zimemganda mwilini, kikapu cha vitunguu kichwani. Niliona anatembea tu, hakimbii. Hakuniuliza kama mtoto ni mzima.

"Mwalimu, Sifa yangu iko mlango gani?" aliniuliza.

Nililia mbele yake bila aibu. Miaka yote ya kazi, mishahara, vyeti vya kupongezwa, hakuna kilichowahi kunilipa kama swali lile.

Sasa nimestaafu, nakaa hapahapa karibu na shule, na vijana wa ualimu wakija kunisalimia bado wanabishana kama shule zifunge mapema utabiri ukitoka. Mmoja anasema funga, mwingine anasema wabaki, na mimi nachekelea maana nawasikia wakuu wangu wawili wamefufuka. Nawaambia kabla hujashika chuma cha kengele, jiulize mtoto wa mwisho kwenye mstari anakwenda kukuta nini. Kama ni mtu, piga. Kama ni kufuli, tafuta mtu kwanza, na baada ya huyo tafuta mwingine, maana watu wa Busia wakiona jua hawakai nyumbani.

Wiki iliyopita simu yangu ililia asubuhi, mbingu ikiwa nyeupe pee. Alikuwa Okiria, siku hizi ndiye Mwalimu Mkuu, na ubishi wake bado anao. Hakuniomba ushauri hata kidogo.

"Mwalimu, upo nyumbani?"

"Nipo. Siendi popote."

"Basi napiga."

Nikaisikia rimu ikilia. Niliteleka chungu cha muhogo, nikaufungua mlango wote, nikauwekea jiwe ili upepo usije ukaufunga.