Nilijifunika blanketi la mkwe kwa shingo upande

Admin, nifichie jina. Wakubwa mnaosoma hapa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Sisi huku kijijini Singida tupo. Baba watoto hajambo, ni mgongo tu tangu tuanze kuvuna alizeti. Mama mkwe hajambo, anakula na anagomba kama kawaida. Wadogo wawili wanaenda shule, kuku wanataga. Asiye mzima ni mimi.

Nina miaka arobaini na sita, shule niliishia la nne, mtanisamehe nikikosea. Binti yangu mkubwa ana miaka ishirini na mbili, anakaa mjini kwa dada yangu akijifunza cherehani. Dada huyo ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, alinibeba mgongoni. Neno lake kwangu ni neno la mama.

Mwaka huu akaniletea posa. Mwanaume ni ndugu wa mume wake, ana duka, na mke wa kwanza alimkimbia. Moyo wangu ulikataa. Nikasema, "Dada, nataka nimsikie mwanangu mwenyewe."

Akacheka. "We mdogo wangu, mambo ya posa tangu lini binti akaulizwa na mama yake? Ameshaniambia mimi, anampenda."

Ni kweli, kwetu binti husemewa na mama mkubwa au shangazi, na siku ya mahari anafichwa nyumba nyingine. Basi maneno yote yakapita mdomoni kwa dada.

Siku hiyo wageni wakaleta blanketi la mama. Mama akijifunika mbele za watu, amemtoa mtoto. Asipojifunika, wageni wanabeba vitu vyao wanaondoka. Wakaniwekea mapajani, mikono ikawa mizito. Mzee wa upande wao akatania, "Mkwe wetu anaogopa joto?" Watu wakacheka. Dada akaninong'oneza, "Jifunike, usimwaibishe mtoto." Nikajifunika. Vigelegele vikapigwa, mimi humo ndani jasho na machozi.

Juzi binti amekuja kutusaidia mavuno. Akaliona blanketi juu ya sanduku, nimelirudisha kwenye nailoni yake.

"Mama, mbona hulitumii? Si mama mkubwa alisema wewe ndiye unayeitaka hii ndoa?"

"Kwani wewe humtaki?"

Akainama, anapepeta. "Nilikataa, mama. Akasema umeshakubali, nikikataa nitakuua kwa aibu. Nikasema basi, kwa ajili ya mama."

Ungo ukabaki katikati yetu. Mimi nilikubali kwa ajili yake, yeye kwa ajili yangu. Aliyetaka kwa moyo ni dada peke yake.

Nikampigia. Hata hakukana. "Nimekulea, leo unanihoji?" Hilo limenichoma kuliko uongo wenyewe.

Harusi ni mavuno yakiisha. Mama mkwe anasema blanketi ukishajifunika halirudishwi, ni mkosi. Baba watoto anasema, "Aliyejifunika ndiye ajifunue, mimi nitasimama na wewe." Nikilirudisha nampoteza dada. Nisipolirudisha, mwanangu anaolewa ili mimi nisiaibike.

Leo alfajiri baridi ilikuwa kali, nikamkuta binti amejikunja anatetemeka. Blanketi lipo pale pale, jipya, zito. Nimeshindwa kumfunika nalo, nikamfunika kanga yangu.

Nishaurini jamani, nifanye nini? Msikawie kunijibu, Jumapili dada anakuja kumchukua.